Maswali ya Wasomaji: Mpaka wa Kukataa Huwekwa Wapi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Iringa

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kilimo. Katika zoezi la takwimu tulielezwa habari za mkaguzi wa vipimo aliyepokea malalamiko ya wanunuzi kwamba mifuko ya sembe iliyoandikwa kilo 2 ina upungufu. Alipima mifuko 16, akapata wastani wa gramu 1,975 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito wa mifuko unavyotofautiana) wa gramu 50, nasi tukatakiwa kuyapima malalamiko hayo kwa kiwango cha asilimia 5. Mimi nilitumia mpaka wa 1.96, nikaikataa nadharia tete ya sifuri, yaani dai kwamba mifuko haina upungufu. Mwenzangu alitumia 2.131, akashindwa kuikataa. Msahihishaji alitumia −1.753 na kuikataa, lakini alininyima alama ilhali uamuzi wetu ni mmoja. Je, nimeonewa? Na nitajuaje upande upi wa mchoro nitie kivuli cha kuonyesha eneo la kukataa?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hukuonewa. Ulifika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi, na siku nyingine njia hiyo hiyo itakupoteza.

Tuanze na hesabu ambayo nyote mnakubaliana nayo. Upungufu wa wastani ni gramu 25. Kosa sanifu la wastani hupatikana kwa kugawanya gramu 50 kwa kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4, nalo ni gramu 12.5. Kwa hiyo thamani ya t, yaani tofauti hiyo ikihesabiwa kwa makosa sanifu, ni −25 ikigawanywa kwa 12.5, yaani −2.00. Hapo hapana ubishi. Kilichowatenganisha ni mpaka, na namba yenu ilianguka mahali pabaya kabisa: imeshapita −1.753, imepita kidogo hata −1.96, lakini haijafika −2.131.

Eneo la kukataa ni mkusanyiko wa matokeo yote ambayo, kabla ya kuweka hata mfuko mmoja juu ya mizani, tumekubaliana kwamba yakitokea tutaikataa nadharia tete ya sifuri, ambayo huandikwa H0. Naomba uyashike maneno hayo "kabla ya kuweka". Mpaka hautoki kwenye data. Hutoka kwenye swali lililoulizwa, kwenye kiwango cha kosa tulichokubali kukibeba, na kwenye aina ya mgawanyo ambao kipimo chetu hufuata iwapo H0 ni kweli.

Kosa lako la kwanza liko kwenye hilo la mwisho. Namba 1.96 ni ya mgawanyo wa kawaida, nayo inafaa pale mkengeuko wa mifuko yote unapojulikana, au sampuli inapokuwa kubwa. Wewe ulikuwa na mifuko 16 tu, na zile gramu 50 zimekadiriwa kutokana na mifuko hiyo hiyo, hivyo kuna mashaka ya ziada ambayo ni lazima yalipiwe kwa kuusogeza mpaka mbali zaidi na katikati. Aliyelitatua tatizo hili la sampuli ndogo ni William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, katika makala aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Katika jedwali la t unasoma mstari wa digrii za uhuru 15, yaani 16 kutoa 1. Mwenzako alisoma mstari huo huo, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko wewe.

Yeye alikosea upande, na 1.96 yako nayo ina kosa hilo hilo. Aligawa asilimia 5 mara mbili, akaweka asilimia 2.5 kila mkia, yaani kila ncha ya mpinde wa mgawanyo, na hapo ndipo ilipotoka 2.131. Ukirudisha mipaka yake katika gramu, alikuwa anasema: nitakataa wastani ukiwa chini ya 1,973.4 au juu ya 2,026.6. Hebu fikiria maana ya nusu ile ya pili. Mnunuzi aliyelalamika kwamba ameibiwa unga hana shida na mfuko uliozidi. Swali la mkaguzi lilikuwa na upande mmoja, kwa hiyo nadharia tete mbadala, H1, inasema kwamba wastani wa kweli ni chini ya gramu 2,000, na asilimia zote 5 zinakaa kwenye mkia wa kushoto. Mpaka unakuwa −1.753, ambao kwa gramu ni karibu 1,978.1. Wastani wa 1,975 umeanguka ndani ya eneo la kukataa.

Lakini usimcheke mwenzako. Iwapo swali lingetoka kwa fundi wa mashine ya kujazia mifuko, anayetaka kujua kama mashine imepotoka kwa kupunguza au kwa kuzidisha, basi mikia miwili ingekuwa ndiyo haki, na kwa data hizi hizi fundi huyo angeshindwa kuikataa H0. Hilo lisingekuwa na maana kwamba mashine yake imethibitishwa kuwa nzima. Lingekuwa na maana kwamba mifuko 16 haikutoa ushahidi wa kutosha dhidi yake.

Sasa nije kwenye kivuli. Wanafunzi hufundishwa kwamba alama ya H1 ni mshale: "<" huelekea kushoto, ">" huelekea kulia, na "≠" ni pande zote mbili. Kanuni hiyo ni kweli mradi umeandika tofauti kwa kutoa thamani inayodaiwa kutoka kwenye wastani wa sampuli. Ukigeuza utoaji, upande nao unageuka. Tena kuna vipimo, kama kai-mraba na F ya kulinganisha wastani wa makundi mengi, ambavyo tofauti za kila upande hupigwa mraba na kuwa chanya, hivyo kivuli huwa kulia tu hata kama H1 haina upande. Aliyekariri mshale hukwama hapo.

Afadhali uelewe kwa nini eneo huwa mkiani tangu mwanzo. Chini ya mpinde wa mgawanyo wa kawaida, ukanda mwembamba wa katikati kuanzia −0.063 hadi 0.063 nao una asilimia 5 ya eneo lote. Mtu akisema "nitakataa H0 kipimo kikianguka katika ukanda huu", atakosea mara 5 kwa 100 pale H0 ilipo kweli, sawasawa na sisi tuliokaa mkiani. Mbona basi tunamwona amepotoka? Kwa sababu mifuko ikiwa na upungufu kweli, t husogea kushoto na kuukimbia ukanda wake, kwa hiyo kadiri wizi unavyokuwa mkubwa ndivyo yeye anavyozidi kushindwa kuuona. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika makala yao ya mwaka 1933, ndio walioliweka jambo hili wazi kihisabati: miongoni mwa maeneo yote yenye kiwango kimoja cha kosa, chagua lile linaloinasa H1 mara nyingi zaidi pale H1 ilipo kweli. Kwa hiyo kiwango cha asilimia 5 hukupa ukubwa wa kivuli, lakini H1 ndiyo inayokuonyesha mahali pa kukitia.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia, kwa kuwa nimeliona katika tasnifu nyingi. Mtafiti anapima, anaona t ni hasi, ndipo anaandika kwamba H1 yake ilikuwa ya upande wa kushoto. Ingekuwa chanya, angeandika kulia. Mtu huyo anadai kwamba kosa lake ni asilimia 5, kumbe amejiwekea mkia wa asilimia 5 kila upande, na kosa lake halisi ni asilimia 10. Mkaguzi wa sembe ana haki ya mkia mmoja kwa sababu malalamiko yalitangulia mizani. Na haki hiyo ina gharama yake: kama t ingekuwa +5, asingeruhusiwa kuikataa H0, hata kama angeshangazwa vipi na ukarimu wa kiwanda.

Swali kutoka kwa msomaji wa Mombasa

Nafanya kazi mahali panapochanganywa majani ya chai. Tunataka kumpima mwonjaji mpya kama anaweza kutofautisha michanganyiko miwili. Tumefikiria vikombe 8, 4 vya kila mchanganyiko, naye anajua kwamba ni 4 kwa 4. Je, hapa pasipo na mpinde wowote, asilimia 5 nitaikata wapi?

Jibu

Swali lako karibu ni lile lile ambalo mwanatakwimu R. A. Fisher alilieleza mwaka 1935, akimzungumzia bibi mmoja wa Kiingereza aliyedai kwamba akionja anatambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Naye alitumia vikombe 8.

Hapa hakuna mpinde, kuna kuhesabu tu. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Mwonjaji anayebahatisha ana njia 1 tu ya kupata vyote 4, na njia 16 za kupata 3. Ukiweka katika eneo la kukataa tokeo la "vyote 4" peke yake, uwezekano wa kudanganywa na bahati ni 1 kwa 70, yaani asilimia 1.4. Ukiongeza tokeo la "3 kati ya 4", unakuwa 17 kwa 70, zaidi ya asilimia 24. Asilimia 5 kamili haipo, kwa kuwa matokeo yenyewe huruka kama ngazi, na wewe ni lazima usimame kwenye ngazi iliyo chini ya kiwango chako. Maana yake ni kwamba kwa vikombe 8 mwonjaji wako haruhusiwi kukosea hata mara moja.

Naona hilo ni kali mno kwa mtu mwenye ulimi mzuri ambaye huenda ameteleza kwenye kikombe kimoja kilichopoa. Vikombe 10 havisaidii, kwani ukimruhusu kukosa kimoja cha kila mchanganyiko unapata 26 kwa 252, zaidi kidogo ya asilimia 10. Vikombe 12, yaani 6 kwa 6, vina njia 924: 1 ya kupata vyote na 36 za kupata 5, jumla 37, ambayo ni asilimia 4. Basi andaa vikombe 12, uvipange kwa kura ili asiweze kukisia mpangilio, na uandike kwenye karatasi kabla hajaonja kwamba akipata 5 au 6 utakubali kwamba anatofautisha.