Mswada Uliolala Kabatini: Majibu kwa Waandishi wa Vitabu vya Watoto

Barua za safari hii zimefanana kama mapacha: karibu kila mmoja ana mswada kabatini na hana wa kumwonyesha. Nimechagua tano.

Nimeanza hadithi saba za watoto, sijamaliza hata moja. Nikifika katikati hamu inakatika. Au sina kipaji?

Kipaji kiache kwanza. Katikati humtoa jasho kila mwandishi, na kwenye skrini huwezi kuona hadithi imelegea wapi. Kitabu cha picha mara nyingi huwa na kurasa 32, maana karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, unabaki na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Basi chukua karatasi 8, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine, uzibane kwa stepla: ndizo kurasa 32. Kata maneno yako vipande, uyabandike kwa gundi.

Nilifanya hivyo kwa hadithi ya kobe aliyepoteza ngoma yake, niliyoitelekeza miezi kadhaa huku nikijiita mvivu. Kuanzia ukurasa wa 14 hadi wa 19, kobe na sungura walikuwa wamekaa chini ya mti wanaongea tu. Mchoraji angechora mti uleule mara tatu! Hamu yangu ilikuwa na haki ya kukatika. Niliwaondoa pale mtini nikawapandisha kwenye mtumbwi unaovuja, na hadithi ikaisha wiki ileile.

Nitawapata wapi waandishi wenzangu? Nilipo simjui hata mmoja.

Milango mikubwa ipo. SCBWI, chama cha kimataifa cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto, kilianza mwaka 1971 kule Los Angeles, na hupokea hata ambao hawajachapisha kitu. IBBY, jumuiya ya kimataifa ya vitabu vya watoto iliyoanzishwa na Jella Lepman mjini Zurich mwaka 1953, ina matawi katika nchi nyingi, na ndiyo inayosimamia Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto kila Aprili 2, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto wa Denmark. Ulizia kama nchi yako ina tawi.

Ila chama hakitakupigia Alhamisi usiku kukuuliza, "Vipi, yule fisi ametoka shimoni?" Hilo huulizwa na watu watatu au wanne wanaoisubiri hadithi yako, na kwangu mimi kusubiriwa kumenifanya niandike kuliko msukumo wowote wa moyoni. Si lazima wote wawe waandishi. Mkutubi anajua vitabu gani hurudishwa vimechakaa. Mwalimu wa madarasa ya chini anajua watoto huanza kupiga miayo dakika ya ngapi.

Sisi tuko wanne. Mwenye kazi haisomi yeye. Huisoma mwenzake, kwa sauti, bila kuipitia kabla. Mwenye kazi anakaa kimya na penseli. Msomaji akijikwaa, anaweka alama. Akiirudia sentensi toka mwanzo, alama mbili. Siku moja mwenzangu alikwama mara tatu kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote. Nikamfikiria mzazi aliyechoka, usiku, taa hafifu: naye angekwama palepale. Nikaifuta, kwa uchungu. Sharti jingine tulilonalo ni kwamba hakuna ruhusa ya kumwandikia mwenzako hadithi yake upya.

Kuna pia yale makundi ya WhatsApp ya watu mia mbili, ambako kila kitu ni "hongera" na kidole gumba. Kaa humo ukipenda, lakini usipeleke mswada ukitarajia kuambiwa ukweli.

Ndugu zangu wananiuliza lini nitaandika kitabu "cha watu wazima".

Waombe wasimulie kifo cha babu kwa maneno 400, mtoto wa miaka mitano aelewe na bado apate usingizi. Wakiwa bado wanajikuna kichwa, wewe rudi kazini.

Nimetuma mswada kwa wachapishaji tisa. Wanne wamekataa, watano kimya. Nimevunjika moyo.

Pole sana. Wale watano waweke kando, kimya hakikwambii lolote kuhusu hadithi. Barua za wale wanne zisome tena kesho, si leo. Wahariri wawili wasiojuana wakitaja kasoro moja, hiyo ishughulikie.

Watu watakutajia Beatrix Potter, Mwingereza aliyeandika hadithi ya sungura Peter Rabbit, ambaye baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa alijichapishia mwenyewe nakala 250 mnamo Desemba 1901, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa miongoni mwa zilizokataa, ikakichapisha kitabu hicho. Siwezi kukuahidi hayo. Kinachonivutia kwake ni kwamba hadithi ilianza kama barua kwa mtoto mmoja mgonjwa, mwaka 1893, na kwamba alijua pa kukaza na pa kulegeza: udogo wa kitabu, unaotosha mkono wa mtoto, hakuuachia, picha alikubali kuzichora upya kwa rangi.

Nawasomea wanangu, na kila hadithi wanasema "nzuri, mama". Niwaamini?

Usiwaamini, mama. Wanakupenda, na wanajua pia kwamba ukifurahi, saa ya kulala husogea mbele. Wasomee watoto wa wenzako na usiseme ni yako.

Mwaka 1936 mchapishaji Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner, wa miaka 10, mswada wa The Hobbit, hadithi ya J. R. R. Tolkien, autolee maoni, kwa ujira wa shilingi moja. Kijana akaandika kwamba utawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Yeye, bila shaka, alishakuwa mtu mzima.

Mimi sina shilingi za kugawa, kwa hiyo natazama mikono na miguu. Juzi niliisoma ile ya kobe mbele ya watoto sita. Ukurasa wa 9, mmoja akaanza kufungua na kufunga vifungo vya shati. Ukurasa wa 11, wawili wakawa wanavutana soksi. Mtumbwi ulipoanza kuvuja, soksi ikaachwa sakafuni na wote wakasogea. Kurasa za 9 hadi 11 sasa ni sentensi moja.