Bima ya afya kwa wazazi wenye umri mkubwa

Ndugu, umeeleza kuwa wewe ni mwalimu wa serikali hapa Dodoma, kwamba baba yako wa miaka 68 aliyeko Kondoa ana shinikizo la damu na kisukari, na kwamba wakala anakushawishi umkatie bima ya kampuni binafsi.

Kabla ya kulipa chochote, angalia kadi yako mwenyewe. Mwanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anayekatwa mshahara anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wake ni miongoni mwao. Kwa hiyo, ikiwa watoto hawajajaza nafasi hizo, baba anaweza kuingia bila makato yako kuongezeka. Watumishi wengi hulisahau jambo hili, wakaja kulikumbuka mzee akiwa tayari amelazwa.

Bima binafsi ningeiweka kuwa ya nyongeza tu. Usiridhike na maneno ya wakala: omba mkataba wenyewe, usome ukomo wa umri, kipindi cha kusubiri kabla bima haijaanza kulipia matibabu, na hasa kifungu cha maradhi yaliyokuwapo kabla ya kujiunga, kwa sababu kisukari cha baba ndicho kitakachomrudisha hospitali kila mwezi, na kikiwa hakimo kwenye mkataba utakuwa unalipia kadi isiyomsaidia.

Uliza pia kama dawa anazotumia sasa zinagharamiwa, na kama rufaa kutoka Kondoa hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa inakubalika. Nauli, kwa vyovyote, itabaki juu yako.