Maswali ya wasomaji: Mwaka wa honasi katika saikolojia unakufikisha wapi?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kutoka kwa vijana waliohitimu saikolojia na wazazi wao. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakiza.

*Nimehitimu shahada ya kwanza ya saikolojia kwa GPA ya 3.6, na cheti kinasema ni honasi, daraja la pili la juu. Rafiki yangu aliyeko Afrika Kusini ananiambia bila mwaka wa honasi siendi popote. Sasa hii niliyonayo ni ipi? – Mhitimu, Ubungo*

Dada, rafiki yako hajakosea kwa nchi aliyopo, ila kwako huenda maneno hayo hayakuhusu. Hapa kwetu Tanzania honasi ni sifa ya ufaulu ndani ya shahada ileile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), kwa mfano, wastani wa alama (GPA) wa 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Afrika Kusini na Australia honasi ni mwaka mzima wa masomo unaokuja baada ya shahada, wenye usajili wake, ada yake na cheti chake.

Afrika Kusini mwaka huo una krediti 120, na zisizopungua 30 kati ya hizo ni za utafiti. Krediti moja ni saa kumi za kazi, kwa hiyo jiandae kwa saa 1,200. Darasani utakuta mbinu za utafiti na takwimu, magonjwa ya akili, upimaji wa kisaikolojia, makuzi, maadili, na pengine saikolojia ya jamii au ya ubongo, kutegemea chuo. Kinachowaangusha wengi ni ripoti ya utafiti, kwa sababu inakwenda sambamba na masomo yote hayo na wengi huanza kuikimbilia Agosti.

Ukimaliza, huko bado hujawa mwanasaikolojia. Inafuata shahada ya uzamili, kisha miezi 12 ya mafunzo kwa vitendo, kisha mtihani wa baraza la taaluma za afya, ambao alama ya kufaulu ni asilimia 70. Anayechagua saikolojia tiba anaongezewa mwaka mmoja wa huduma kwa jamii. Nafasi za uzamili wa tiba ni chache mno, na wenye honasi nzuri hukataliwa kila mwaka. Usiuze kiwanja kwa kuamini kwamba honasi itakuvusha yenyewe.

Australia hesabu ni miaka sita: mitatu ya mwanzo, wa nne ambao ndio honasi au stashahada inayolingana nayo, halafu ama uzamili wa miaka miwili, ama mwaka mmoja wa masomo na mmoja wa kazi chini ya msimamizi. Njia ya zamani ya miaka minne ya chuo na miwili ya kazi ilifungwa mwaka 2022, lakini bado tunaona watu mitaani wakiiuza kama ipo. Wakala akikutajia hiyo, funga begi lako uondoke.

Ukitaka kufanya kazi hapa nyumbani, kwa 3.6 unaomba uzamili moja kwa moja. Programu nyingi za uzamili nchini huanzia 2.7. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Upanga, wana uzamili wa saikolojia tiba, na Mlimani kuna uzamili wa saikolojia jamii tumizi. Kwako wewe, mwaka wa honasi nje ya nchi ni gharama isiyokuongezea ngazi yoyote hapa.

Jambo moja tu likuumize kichwa: kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu cha umma, matangazo ya kazi kwa kawaida hudai 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Honasi ya nje, hata ukiipata kwa alama za juu, haiibadilishi 3.6 yako. Hilo watu hulijua wakiwa wameshalipa ada.

*Nina shahada ya ualimu, nimesoma saikolojia ya elimu, GPA 3.1 na sapu mbili mwaka wa kwanza. Nimeomba honasi ya saikolojia Afrika Kusini nikakataliwa bila maelezo. – Mwalimu, Mbagala*

Kaka, hatudhani ni sapu, yaani mitihani ya marudio. Sapu za mwaka wa kwanza ukizifuta hazina uzito kama matokeo ya mwaka wa tatu. Chukua transkripti yako, weka alama kila somo la saikolojia, kisha hesabu yaliyo ya mwaka wa mwisho tu. Vyuo vya huko vinataka saikolojia iwe somo lako kuu hadi mwaka wa tatu, na vingi vinaangalia wastani wa masomo hayo peke yake, mara nyingi kuanzia asilimia 60 au 65. Mwalimu wa kawaida ana masomo mawili au matatu: ujifunzaji, makuzi ya mtoto, labda ushauri na unasihi. Hana takwimu, hana magonjwa ya akili, hana nadharia za haiba. Hapo ndipo ombi linapokufa.

Dawa yake ni kusoma masomo yanayokosekana bila kusajiliwa kwa shahada nzima. Unisa, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa, huruhusu mtu kuchukua masomo mojamoja. Kabla hujalipa, waandikie idara unayotaka kuomba, waambatishie transkripti na muhtasari wa kila somo ulilosoma, uwaulize ni masomo gani hasa wanayahitaji. Muhtasari ni muhimu: jina la somo peke yake haliwaonyeshi ulifundishwa nini. Uchukue idarani kwako mapema, kwa sababu mhadhiri akihama nao mara nyingine hupotea.

Ukipenda Uingereza, huko kuna uzamili wa mwaka mmoja uliotengenezwa kwa watu waliosoma fani nyingine. Hakikisha umeidhinishwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, BPS, la sivyo utapata cheti kizuri kisichokupa msingi wa uanachama, na bila msingi huo mlango wa mafunzo ya tiba haufunguki. Tofauti ya kozi iliyoidhinishwa na isiyoidhinishwa huwezi kuiona kwenye jina, mpaka uangalie orodha ya BPS yenyewe.

*Nasoma honasi kwa masafa nikiwa Dar. Utafiti wangu ni wa sonona na msaada wa kijamii kwa wanafunzi wa sekondari Temeke. Msimamizi anataka wanafunzi 200, mimi naona 60 wanatosha. Nimebakiwa na muda mfupi. – Mwanafunzi, Chang'ombe*

Tuanze na idadi. Kama unatafuta uhusiano kati ya vitu viwili na unatarajia mgawo wa uhusiano (kipimo cha nguvu ya uhusiano huo) wa 0.3, unahitaji watu takribani 85 ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuuona ukiwepo. Ukitarajia 0.2, wanapanda hadi kama 194. Kwa hiyo 200 za msimamizi wako hazikutoka hewani, na 60 zako hazitoshi kwa lolote kati ya hayo mawili. Pakua G*Power, programu ya bure ya kukokotoa idadi ya washiriki, ingiza tarakimu hizo, umpelekee matokeo na sababu ya kutarajia 0.3 badala ya 0.2, yaani tafiti zilizotangulia. Msimamizi hupunguza idadi akiona hesabu, hapunguzi akisikia malalamiko ya muda. Akikubali 85, wewe tafuta 110, maana fomu za wazazi hazirudi zote na dodoso nyingine zitakuwa na mapengo.

Vibali ndivyo vitakavyokula muda wako. Kibali cha maadili cha chuo chako cha nje hakikufungulii geti la shule. Sonona ni suala la afya, kwa hiyo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanahusika, na vibali vya utafiti nchini hutolewa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia; anza huko wiki hii, usisubiri andiko likamilike hadi nukta ya mwisho. Baada ya hapo barua inashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Manispaa ya Temeke, Afisa Elimu Sekondari, mkuu wa shule. Kila ofisi inataka nakala ya barua ya ofisi iliyotangulia, kwa hiyo tembea na nakala za ziada na uhakikishe muhuri unasomeka. Usipange kukusanya data Novemba, wakati kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa, wala Juni au Desemba shule zikiwa zimefungwa.

Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona, tunakushauri ulitumie: halilipiwi, lina toleo la Kiswahili, na limewahi kupimwa hapa Tanzania. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu ni 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Alama 10 kwenda juu humaanisha mtu achunguzwe zaidi. Usiandike kwenye ripoti kwamba watoto kadhaa "wana sonona". Andika kwamba walipata alama 10 au zaidi. Watahini wanalikamata kosa hilo haraka.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti wako, na wanafunzi wengi hulipita kama swali lingine lolote. Ukikusanya dodoso bila jina wala namba, ukafika nyumbani usiku na kukuta mtoto mmoja ameweka 3, utamtafutaje? Kwa hiyo tumia namba kwenye dodoso, na orodha ya majina na namba ikae peke yake mahali pengine, imefungwa. Kabla hujatoka shuleni, siku hiyohiyo, pitia swali la tisa la kila dodoso. Kila aliyejibu zaidi ya 0 azungumze faraghani na mtu aliyefunzwa, mliyekubaliana naye kabla, na njia ya rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa iwe imeandikwa. Mtoto na mzazi waelezwe mwanzoni kabisa, kwenye fomu ya ridhaa, kwamba siri ina mpaka huo. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi iliyosainiwa, na yeye mwenyewe akubali, mojawapo haitoshi. Orodha ya majina nayo ina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, hivyo majina hayapigwi picha na kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la wasaidizi wako.

Kwenye uchambuzi, usikope SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, ya wizi. JASP na jamovi ni za bure na zinatosha kabisa kwa kazi ya honasi. Nafasi tupu usiijaze sifuri. Sifuri ni jibu. Kama una kipimo chenye sentensi za kugeuza, mfano cha Rosenberg cha kujithamini, chenye sentensi kumi ambazo tano kati yake ni hasi, geuza kwanza alama za sentensi hizo hasi. Ukiona alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyoendana, imetoka ndogo sana au hasi, usimlaumu mwanafunzi aliyejaza, rudi uangalie kama uligeuza.

*Wahariri, mwanangu amerudi na honasi ya saikolojia. Ndugu na majirani wameanza kumletea wagonjwa, na baba yake anataka amfungulie ofisi Kariakoo. Mnasemaje? – Mama, Tandika*

Shikamoo mama. Ofisi isubiri. Mwaka huo umemfundisha kuusoma utafiti, kuufanya, na kuutambua ugonjwa kwenye karatasi. Haukumfundisha kukaa peke yake, bila msimamizi, na mtu anayesikia sauti au anayetaka kujiua. Hata Afrika Kusini honasi ya kawaida haimpi usajili. Mshauri nasaha aliyesajiliwa huko lazima awe na saa 720 za mafunzo kwa vitendo ndani ya programu iliyoidhinishwa, pamoja na mtihani. Akivuka kwenda Kenya, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa.

Kazi anazoweza kuanza nazo zipo: msaidizi wa utafiti, ofisa katika mradi wa watoto au wa VVU akiwa na msimamizi, idara ya rasilimali watu, kitengo cha ushauri shuleni. Wanaokuja nyumbani awasikilize kwa adabu, awaelekeze Muhimbili au kituo cha afya, na asipokee hela. Mzee naye aambiwe kwa upole kwamba pesa ya kodi ya Kariakoo ingelipa sehemu ya uzamili.

*Namaliza mwaka wa tatu. Nikitaka kuanza honasi Afrika Kusini mwakani, naanza lini na nini? – Mwanafunzi, Kigamboni*

Kalenda hazipatani. Mwaka wa masomo huko huanza Januari au Februari, na maombi mengi hufungwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati mahafali yako hapa huenda yakawa Novemba au Desemba. Omba kwa matokeo ya muda yenye muhuri wa chuo, na ujue kwamba cheti kitadaiwa kabla ya kusajiliwa. Shahada yako itathminiwe na SAQA, mamlaka ya Afrika Kusini ya kutambua sifa za elimu. Ikikwama huko, chuo hakikungoji. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao waombe hati ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kusafiri, na uitunze, kwa sababu ukirudi ni wao watakaoitambua honasi yako.

Viza ya masomo inadai bima ya afya kutoka mfuko uliosajiliwa Afrika Kusini, ushahidi wa fedha, na hati ya polisi. Kuingia bila viza kama mgeni ukitumaini kubadilisha ukiwa kule, usijaribu.

Kuhusu ada, Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe kama wenyeji, na Tanzania imo. Hata hivyo vyuo vingi huongeza tozo ya mwanafunzi wa kigeni, na tozo hiyo haiandikwi kwenye ukurasa uleule wenye ada. Waombe wakutumie makadirio yenye kila kitu kwa maandishi, yakiwa na jina lako na mwaka wa masomo.