Monita za Rufiji

Ndugu, umeuliza Waingereza waliifikiaje manowari ya Kijerumani Königsberg ndani ya delta ya Rufiji ilhali meli zao kubwa hazikuweza kuingia humo. Jibu ni monita mbili (manowari ndogo za kina kifupi zenye mizinga mikubwa), Severn na Mersey, ambazo kwa maoni yangu hazitajwi inavyostahili. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, zikanunuliwa na jeshi la majini la Uingereza Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, na kwa kuwa zilizama majini takribani mita 2 tu, ziliweza kupita mahali ambapo meli nyingine zingekwama matopeni. Zilivutwa kutoka Malta hadi kisiwa cha Mafia.

Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, halikufaulu, na Mersey ilipigwa vibaya. Tarehe 11 Julai wapiga mizinga, ambao hawakuweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya mikoko, waliongozwa tena na ndege; nayo ilipopigwa, mwangalizi wake aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku ndege ikishuka kuelekea mtoni. Ujasiri huo unastahili heshima kubwa. Kapteni Looff wa Königsberg aliamuru meli yake ilipuliwe, lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kutumiwa nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja wake unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa.