Uliza Mama Fundi: Kwa baiskeli hadi Santiago

*Shikamoo Mama Fundi. Septemba tunakwenda hija Santiago, Hispania, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Tuko wanakwaya sita, na tutaendesha baiskeli kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa. Nimenunua begi la mgongoni la lita 60, hema na sufuria ndogo. Mzigo umefika kilo 19, lakini wenzangu wanasema nisijali, baiskeli ndiyo itakayobeba. Je, nimesahau nini?*

Marahaba, mwanangu. Hujasahau kitu, umezidisha. Safari yenu ni kilomita 780 hivi, na mlima unaanza siku ileile ya kwanza. Saint-Jean haifiki hata mita 200 juu ya usawa wa bahari, nanyi mtavuka milima kwenye Ibañeta, mita 1,057. Hapo ndipo utakapojua nani anambeba nani. Fuateni barabara ya lami inayopitia Valcarlos. Ile njia ya juu waachieni wanaotembea.

Begi la mgongoni liache nyumbani. Linakukandamiza juu ya siti mchana kutwa, shingo inakaza, na kwenye kona linakuvuta upande. Funga keria imara nyuma, uning'inize mifuko miwili ya pembeni yenye uzito sawa, vitu vizito vikae chini kabisa. Mimi nikifika kilo 8, bila maji, nafunga zipu. Hema na sufuria havihitajiki, kwa sababu njia nzima ina hosteli za mahujaji, wenyewe wanaziita albergue. Chukua mfuko mwepesi wa kulalia. Nguo ni jozi mbili, moja mwilini, nyingine ikikauka juu ya keria. Kaptura iwe ile yenye pedi, na ivaliwe bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Koti la mvua lisikosekane. Galicia, mkoa wa mwisho, mvua ni ya kawaida.

Kwenye vifaa sitaki ubane. Tyubu mbili, viraka, pampu, vyuma vya kutolea tairi, funguo za alen, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo kimoja cha akiba. Beba spoku mbili zenye urefu wa magurudumu yako hasa. Beba pia kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mashine ya gia ya nyuma kwenye fremu. Kina umbo lake kwa kila aina ya baiskeli. Baiskeli ikiangukia upande wa gia kikavunjika, unaweza kuzunguka maduka siku nzima usipate kinachoingia.

Breki nakuomba uzishughulikie kuliko yote. Kutoka Cruz de Ferro, ule msalaba wa chuma juu mlimani, mita 1,500 hivi, mnateremka hadi Molinaseca iliyo karibu na mita 600. Baiskeli yenye mzigo haisimami kama uliyoizoea. Usishike breki mfululizo mpaka chini. Bana zote mbili, achia, bana tena, na ukisikia mikono imechoka, simama pembeni upumzike. Katika kijiji cha El Acebo, kwenye mteremko huohuo, kuna baiskeli ya chuma iliyowekwa kumkumbuka hujaji Mjerumani aliyefia hapo. Simameni mumwombee. Badilisha pedi za breki kabla ya kuondoka, hata kama za zamani bado zina unene, na uweke jozi nyingine mfukoni. Kofia ngumu ni sheria ya Hispania nje ya miji, na mimi ningeivaa hata ndani ya miji.

Kisha, kabla ya Septemba, endesha siku mbili mfululizo ukiwa na mzigo huohuo, si baiskeli tupu. Siku ya pili ndiyo itakayokuambia kama siti iko sawa. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Usiponyooka, pandisha siti, magoti yatakushukuru.

*Mama Fundi, likizo yangu ni fupi. Nikianzia katikati ya njia, nitapewa kile cheti cha hija?*

Utapewa, dada, ukiendesha angalau kilomita 200 za mwisho. Anayetembea anadaiwa 100. Waendesha baiskeli wengi huanzia Ponferrada. Chukua kitabu cha hujaji mapema, na ugonge mihuri miwili kila siku. Usiidharau safari kwa ufupi wake, kupanda O Cebreiro, mita 1,300 hivi, kunawatoa wengi jasho. Ujue pia kwamba hosteli nyingi za umma huwapokea kwanza wanaotembea, wa baiskeli wakangoja hadi jioni. Kuanzia Sarria, mji wanakoanzia wengi wanaotembea, watu ni wengi mno, hivyo wekeni nafasi kwenye hosteli za binafsi. Na kengele iwe inalia. Mtu anayetembea akisali humsikii, naye hakusikii. Punguza mwendo, msalimie, ndipo upite.

*Shikamoo Mama. Majirani wananipa vitu nivipeleke: mishumaa, rozari, picha za wagonjwa, na mama amenipa jiwe. Naona aibu kukataa.*

Marahaba. Usikatae hata mmoja. Jiwe la mama beba, dogo hilo. Ni desturi ya mahujaji kuliweka chini ya msalaba wa Cruz de Ferro, pamoja na lile uliloliombea. Picha zipige kwa simu, uwarudishie wenyewe. Mishumaa waambie utaiwasha kule kule. Chukua daftari jembamba, kila jirani aandike jina na nia yake kwa mkono wake, nawe soma ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli. Daftari likae mfukoni mwa koti, lisizamishwe kwenye mifuko ya keria, kwa maana kanisa kuu la Santiago haliruhusu mabegi makubwa kuingia.