Uliza Tukujibu: Sultan kaingia ukumbini na watoto hawajalala

SWALI
Assalaam alaykum bibi wa safu. Mie niko Wete, nna watoto watatu, wa kike ana miaka 16, wa pili wa kiume 13 na wa mwisho 10. Tunakaa nyumba moja na mama mkwe, sasa kila siku baada ya isha bi mkubwa anawasha tivii anaangalia ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan, ile ya mfalme Suleiman na Hürrem iliyotiwa sauti za Kiswahili, na watoto wote wanajaa ukumbini. Mwanzo niliona kheri, si wanajifunza historia ya dola ya Kiislamu. Lakini wale wasichana vifua wazi, mara huyu anapelekwa chumbani kwa Sultan, mara yule ananyongwa, na juzi huyu wangu mdogo nimemkuta uani kamfunga mtoto wa ami yake mtandio shingoni eti yeye mnyongaji wa Sultan. Nikisema izimwe nitaonekana nimemvunjia adabu mama mkwe. Hii kitu inafaa kwa watoto wa umri huu au haifai, na huu muhali nautokaje?
Mama watatu, Wete

JIBU
Waalaykum salaam mama. Nianze na huo mtandio mana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka kesho. Mchezo wa shingo upigwe marufuku leo leo, na si kwa wako peke yake, yule wa ami yake naye aambiwe na mama yake aambiwe, mana watoto ukiwakataza uani kwako watahamia uani kwa jirani. Usimpige. Mwambie tu wazi kwamba shingo haichezewi, mtu akikazwa pale hupoteza fahamu kabla hajawahi hata kupiga ukelele, na wale wa kwenye tivii wanaigiza, baada ya kunyongwa wanainuka wanakwenda kunywa chai.

Kwa hivo wa miaka 10 kesi yake imekwisha, haifai, asiangalie kabisa, wala usijidanganye kwamba "anacheza tu pale hafuatilii." Ameshafuatilia mpaka kafungua ofisi ya unyongaji.

Sasa hao wakubwa wawili, hapo ndo pana maneno, na mie nimeiangalia nyingi tu kwa hivo sisemi kwa kusikia. Tamthilia yenyewe kwa Kituruki inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilianza kuoneshwa kwao Januari 2011 ikamalizika 2014, sehemu 139, na sehemu moja huko kwao inakaribia saa mbili, kwa hivo jiandae mama, hii si ya kuisha wiki hii. Na usidhani siye tu wa visiwani ndo tunaona haya. Ilipoanza tu Waturuki wenyewe walipeleka malalamiko kwa maelfu kwa mamlaka yao ya utangazaji, na mwaka 2012 Erdoğan, wakati ule ni waziri mkuu, aliisema hadharani, akasema Suleiman anayemjua yeye si huyo, wake yeye alikaa miaka 30 juu ya farasi. Alikuwa na lake la kisiasa ndani yake lakini kuna ukweli kidogo, Suleiman alitawala toka 1520 mpaka 1566 na mauti yalimkuta vitani huko Hungary akiwa na miaka 71, sasa wewe ukiangalia ukumbini unaweza kudhani maisha yake yote alikuwa anazunguka kwenye makorido ya kasri anasikiliza fitina za wanawake.

Kipi cha kweli basi? Mauaji ni ya kweli, tena hayo ndo wengi wetu tunadhani yametiwa chumvi. Ibrahim Pasha, rafiki yake wa ujanani na waziri wake mkuu, aliuliwa 1536. Mwanawe Mustafa aliitwa kwenye hema la baba yake 1553 akanyongwa humo. Mwanawe mwengine, Bayezid, alikimbilia Uajemi akauliwa huko 1561. Hürrem naye ni wa kweli, alichukuliwa mateka kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine akauzwa, na Suleiman akaja kumuoa ndoa khasa, jambo ambalo kwa masultani wa Kituruki wa zama zile halikuwa la kawaida. Zile nguo za vifua wazi ni za mafundi cherehani wa studio. Na yale maneno ya chumbani, yale mashairi ya Suleiman yapo kweli aliandika kwa jina la Muhibbi, lakini nani aliyekaa nyuma ya mlango akaandika walichonong'onezana? Hayo ya mwandishi wa tamthilia.

Sasa mie ntakwambia kitu, na najua kuna watakaonikasirikia. Wazazi wengi tunahangaika na vifua. Ikija sehemu ya chumbani mtu anaruka na rimoti, anakohoa, anamtuma mtoto maji jikoni, halafu ikipita tunakaa kitako tunaendelea, tumeridhika tumelea. Wakati kilichobaki pale ndo kikubwa zaidi. Yule Hürrem kaletwa kwa jahazi kafungwa, wazee wake wameuliwa, kauzwa kama mzigo, na baada ya sehemu chache tu kavaa hariri na siye wote ukumbini tunamuombea ashinde, achaguliwe yeye, amzalie Sultan mtoto wa kiume. Msichana wa miaka 16 akiangalia hivo miezi mitatu anatoka na nini? Anatoka na kwamba kuchaguliwa na mwanamme mkubwa ndo kufaulu, na shoga yako aliyelala kitanda cha pili ndo adui yako. Muziki mtamu, macho mazuri, utumwa wenyewe hauonekani tena.

Na siye Wazanzibari khasa hatuna udhuru wa kunyamaza hapo, mana haya si ya Istanbul peke yake. Sayyid Said, Sultan wetu wa zamani, watoto wake karibu wote aliwazaa na masuria. Binti yake Bibi Salme, aliyezaliwa 1844 pale kasri la Mtoni, mama yake Jilfidan alikuwa suria wa Kicherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, na Salme mwenyewe kaeleza kwenye kumbukumbu zake alizotoa Ujerumani 1886 kwamba mama yake alitekwa mdogo, wazee wake wameuliwa, akatenganishwa na ndugu zake asiwaone tena, na alipofika kwa Sayyid alikuwa mdogo hata jino lake la kwanza la utoto lilimng'okea humo humo kasrini. Hebu msomee binti yako hilo la jino, halafu mrudi kwenye tamthilia muone kama wale wasichana watabaki kuwa wana bahati. Na sheria zetu mwambie pia, soko la watumwa lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Miaka 12 nzima walisubiri wao. Magofu ya Mtoni bado yapo, nje kidogo ya mji, siku mkivuka kwenda Unguja mpitishe.

Kwa hivo wa miaka 16 mie namruhusu, kwa sharti wewe uwepo na mdomo wako ufanye kazi. Si mawaidha ya kila dakika, atakuchoka, akukimbie akaangalie peke yake kwenye simu. Swali moja tu kwa usiku linatosha. Muulize huyu Mahidevran, mama yake Mustafa, kosa lake nini hasa. Muulize kama Hürrem angepewa ruhusa ya kurudi kwao siku ya kwanza angekaa? Halafu msikilize, mana hawa watoto wana majibu usiyoyategemea.

Wa miaka 13 ndo mgumu. Kwa kijana wa kiume wa umri ule sio mapenzi yatakayomvuta, ni ubabe. Anaona anayeua ndo anayebaki kitini. Kwa hivo kwake mie ningechagua, si kila siku. Ile sehemu ya Mustafa kwa mfano ningemuachia aione akiwa amekaa ubavuni kwako, mana pale tamthilia haikimbii, inakaa na kilio, baba kaua mwana na hakuna muziki wa kumpongeza. Huko Uturuki sehemu ile ilipooneshwa watu walikwenda mpaka kaburini kwa Mustafa Bursa kumuombea dua, mtu aliyekufa karne nne na zaidi. Lakini zile sehemu ambazo mtu ananyongwa mwanzo na mwisho wake wanacheka kwenye karamu, hizo hapana, mpeleke kulala au mpe kazi ya skuli. Na mueleze kwamba masultani wa Kituruki walikuwa na sheria, toka kwa Mehmed Fatih, yule aliyeiteka Istanbul, ya kuruhusu anayeshika kiti kuwaua ndugu zake, na 1595 Mehmed wa Tatu aliwaua ndugu 19 kwa mpigo. Halafu mueleze ya kwetu, 1859 Barghash, mwana wa Sayyid Said, alimuasi kaka yake Sayyid Majid aliyekuwa Sultan, na Salme huyo huyo wa miaka 15 ndo aliyekuwa akiwaandikia barua zao za siri, uasi ukashindwa. Majid hakumnyonga. Alimpeleka Bombay, akakaa huko kama miaka miwili, na 1870 akaja kuwa Sultan yeye. Mtoto akijua kwamba hata kwenye makasri kulikuwa na njia nyengine, ule unyongaji hauonekani tena kuwa ndo uanaume.

Namna ya kupima sehemu ipi iangaliwe na ipi iachwe: mie huangalia peke yangu kwanza, nikaona mtu akishauliwa hadithi inachukua muda gani kumkumbuka. Ikiwa imemsahau kabla tangazo la biashara halijaingia, basi ile si ya watoto hata kama kila mtu kavaa baibui.

Muhali wa mama mkwe sasa. Usiende kuzima, na wala usimtume mumeo aende kama hakimu. Nenda wewe, wakati wa mchana, anachambua mchele au anasuka ukili wake, mwambie "mama, wajukuu wako wanakusikiliza wewe kuliko mie, nakuomba wakiwa wanaangalia uwe unawaelezea lipi la adabu na lipi si adabu, na huyu mdogo nataka awahi kulala ana skuli na chuo cha Kurani, nisaidie kumfukuza." Umemuomba kazi, hujamshitaki. Bibi wa Pemba hakosi hadithi za zama za Sultan alizosimuliwa na wazee wake, na nakuhakikishia akianza kuhadithia hiyo tivii wataisahau. Akikataa kabisa ndo uzungumze na mumeo, na hapo itabidi yeye azungumze na mama yake, si wewe.

SWALI
Mambo bibi. Mie nna miaka 15 niko Mwanakwerekwe. Baba kanizuia Sultan nyumbani lakini darasani kila mtu anaihadithia naonekana mshamba. Naangalia vipande vipande kwenye simu ya dada usiku. Naomba umuandikie baba kwamba haina ubaya.
Kijana wa Kidato cha Pili

JIBU
Poa mwanangu. Baba yako simuandikii, simjui na wala sitaki anijue kwa sababu hiyo.

Ila ntakwambia hivi, umechagua njia mbaya kuliko zote. Vile vipande vya simuni nani anavikata? Mtu anayetafuta watazamaji. Anakata busu na anakata kunyongwa, basi. Kwa hivo baba kakuzuia tamthilia ndefu yenye mazuri na mabaya yake wewe umekwenda kuchukua mabaya matupu, tena usiku, umejificha, peke yako. Na la simu ya dada akiligundua hapo kesi itakuwa si ya Sultan tena.

Jaribu hivi. Muombe baba aiangalie na wewe siku tatu tu, halafu aamue. Mwambie ukweli kwamba darasani wanaihadithia na wewe unataka kuijua na yeye akiwepo, wazee wengi wakisikia "na wewe ukiwepo" hulainika. Na uende na kitu mkononi, soma juu ya Suleiman na vita vya Mohács huko Hungary 1526, akuone unafuatilia historia si wasichana tu (nakujua). Akiangalia siku tatu akasema bado hapana, basi ni hapana mpaka ukubwa, na darasani waambie Mustafa anakufa. Utawamaliza wote.

SWALI
Mimi ni ustadh, nasomesha vijana wa miaka 13 hadi 17 hapa Chake. Nimefikiria kuwaonesha sehemu za tamthilia hiyo kuwafundisha tarehe ya Uthmaniya. Unasemaje?

JIBU
Ustadh, kwa heshima zote, hapana. Wazee wao hawakuwaleta kwako kwa hilo, na wewe utatumia nusu ya darsa umeshika rimoti. Wachoree ramani ubaoni, Belgrade 1521, Rhodes 1522, Mohács 1526, Vienna 1529 pale alipokwama, halafu waoneshe picha za msikiti wa Süleymaniye aliojenga Sinan, uliomalizika 1557, na waeleze kwamba Suleiman na Hürrem wamezikwa hapo hapo nyuma yake. Hayo yote kwa saa moja utayamaliza. Ile tamthilia kwa saa moja Ibrahim anakuwa bado hajamaliza kumtolea mtu macho.