Maswali na Majibu: Taasisi ya hisani ifanye biashara yenyewe au imiliki kampuni?

Swali: Assalaam aleykum. Mimi ni katibu wa taasisi ndogo ya hisani wilayani Pangani, mkoani Tanga. Bodi yetu ya wadhamini imesajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, na kazi zetu ni kuchimba visima na kuwalipia wanafunzi mahitaji ya shule. Wafadhili wamepungua, nasi tunakusudia kununua mashine ya kukamua mafuta ya nazi ili faida yake igharimie kazi hizo. Je, tuiendeshe chini ya taasisi au tufungue kampuni? Na kwa kuwa fedha yote itaingia kwenye hisani, tutasamehewa kodi?

Jibu: Waaleykum salaam, Ndugu Katibu. Ushauri wangu ni kwamba mfungue kampuni binafsi yenye hisa, iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, na hisa hizo zishikwe na wadhamini waliosajiliwa kama chombo, si na mwenyekiti wala mjumbe yeyote kwa jina lake. Bodi iliyosajiliwa chini ya Sura ya 318, sheria ya kusajili wadhamini, ina hadhi ya mtu kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na wadhamini wakifariki au wakibadilishwa, mali haihami. Nalisisitiza hili kwa sababu hisa zikiandikwa majina ya watu kwa makubaliano ya mdomo, siku mmoja wao akifariki warithi watadai kilichoandikwa kwenye daftari la wanahisa, na daftari ndilo litakalosomwa mahakamani. Kabla ya yote, hakikisheni katiba ya taasisi inawaruhusu kuwekeza kwenye hisa. Isiporuhusu, irekebisheni kwanza kwa utaratibu wa RITA.

Faida kubwa ya kutenganisha ni kinga. Kampuni ikishindwa kulipa deni, mdai atafuata mali za kampuni, na kiwanja au akaunti ya taasisi havitaguswa. Kinga hiyo hutoweka pale taasisi inapojifunga kuudhamini mkopo wa kampuni, na benki inaweza kabisa kuwaomba mfanye hivyo. Kataeni ikiwa dhamana inayotakiwa ni mali iliyotolewa na watu kwa ajili ya hisani.

Kuhusu kodi, jibu ni hapana. Kampuni italipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida kama kampuni nyingine yoyote, hata kama mwenye hisa ni yatima mtupu. Taasisi yenyewe nayo haipati nafuu kwa kusajiliwa tu. Inapaswa kuomba na kupewa uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA (mamlaka ya mapato) kwamba ni taasisi ya hisani, na hata ikishaupata, mapato yake ya biashara hayasamehewi yote moja kwa moja. Tuchukue mfano wa kampuni iliyopata faida ya shilingi 40,000,000. Kodi ni 12,000,000, na inabaki 28,000,000. Wakurugenzi wakitangaza nusu yake, 14,000,000, kuwa gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa), kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokatwa kabla ya malipo, itakata 1,400,000 na taasisi itapokea 12,600,000. Kiwango hicho hushuka hadi asilimia 5 kwa kampuni mkazi inayoshika angalau robo ya hisa. Kwa kuwa ninyi ni wadhamini na si kampuni, iandikieni TRA mpate jibu la maandishi kuhusu kiwango kitakachowahusu kabla ya gawio la kwanza. Wapo wanaoshauri fedha ipitishwe kama mchango badala ya gawio, lakini sheria inaruhusu kampuni kuondoa michango ya hisani kwenye mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, ambayo katika mfano huu ni 800,000.

Jambo ambalo hamkuliuliza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Biashara ya namna hii huangushwa na huruma kuliko wizi. Mafuta ya nazi yanataka fedha mkononi wakati mbata, yaani nazi kavu, zimejaa na bei iko chini, na zinunuliwe zilizokauka sawasawa, maana mbata mbichi huota ukungu na mafuta yake hutoka na harufu inayomfukuza mteja. Sasa fikirini kwamba wiki hiyo hiyo shule ya kijiji inahitaji madawati, na kila mjumbe wa bodi anajua kwamba kwenye akaunti ya kampuni kuna milioni tisa. Madawati yakinunuliwa kwa fedha hiyo, mashine itakaa bila kazi msimu mzima, na mwakani hapatakuwa na madawati wala visima. Fedha ile ilikuwa mtaji wa kuendeshea kazi, na sheria hairuhusu gawio kulipwa isipokuwa kutoka kwenye faida.

Watu wa pwani wanaijua kanuni hii kupitia wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani: pango la duka la wakfu hutangulia kulikarabati duka lenyewe, ndipo kinachobaki kiende msikitini au madrasa. Andikeni kanuni kama hiyo kwenye katiba ya kampuni: kwamba gawio litatangazwa mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa, na kwamba sehemu fulani ya faida, mimi ningesema si chini ya nusu kwa miaka ya mwanzo, itabaki kwa ajili ya mbata, matengenezo na mashine ya pili.

Tenganisheni pia wanaoamua. Nchini Ujerumani, wakfu wa Robert Bosch unashika takriban asilimia 94 ya hisa za kampuni ya Bosch, lakini kura nyingi mno ziko kwa chombo kingine cha udhamini kinachosimamia biashara. Wakfu hupokea gawio na kushughulika na hisani. India wamechukua njia tofauti: mifuko ya hisani ya Tata inashika asilimia 66 ya Tata Sons, kampuni mama ya biashara za Tata, na ina sauti katika uongozi wake. Kwa taasisi ndogo kama yenu, inatosha wadhamini wawili waingie kwenye bodi ya wakurugenzi pamoja na watu wanaoijua biashara ya mafuta, na meneja asiwe mdhamini.

Leseni ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), risiti za mashine za kielektroniki (EFD) na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaoidhibiti au kunufaika na kampuni hasa, kule BRELA ni mambo ya kawaida ambayo mhasibu wenu atayafuatilia. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haitawagusa mpaka mauzo yafikie shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mashine isilipiwe kabla kampuni haijapata cheti na akaunti yake ya benki, ili ankara itoke kwa jina la kampuni na mashine iingie kwenye vitabu vyake tangu siku ya kwanza.